Mtu Anayetazama Shingo

Nilianza kumshuku waziwazi siku ya Jumatano, saa kumi na moja kasorobo jioni. Mama alikuwa anaanua nguo kwenye kamba, na yeye alikuwa upande wa pili wa ua wa minyaa akimwagilia mizabibu yake. Akaacha kumwagilia. Akamtazama mama shingoni. Siyo usoni, shingoni. Akamtazama kwa muda ambao mwanaume mwenye adabu hamtazami mjane wa watu, halafu akasema, "Jirani, hebu lala chini kidogo."

"Nilale?" Mama akacheka. "Kwenye vumbi lote hili? Nimekukosea nini?"

"Hapo kwenye mkeka. Kuna kitu nataka nione."

Mama anapenda utani, akajilaza kweli, shuka kifuani. Yule mtu akainamia minyaa, akatazama, uso ukamkunjamana.

"Mishipa yako imelala kuliko wewe mwenyewe," akasema. "Damu inakuishia. Kesho nenda hospitali, usingoje wiki iishe." Akachukua ndoo yake, akaingia ndani bila kuaga.

Nilikuwa mlangoni, nikasikia kila neno. Mama alikuwa anatokwa na damu tangu mwezi uliopita, na hapa duniani hakuna aliyejua ila mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nafua. Ofisini kwake, alikokuwa akipiga chapa, walikuwa wanapunguza watu, na yeye alisema mgonjwa ndiye wa kwanza kupunguzwa, kwa hiyo nifue na ninyamaze. Nilinyamaza. Sasa huyu kajuaje?

Mtaa mzima ulimwita Mzee wa Usingizi. Kazi yake hospitali ilikuwa kuwalaza watu kabla hawajapasuliwa, na kuwaamsha baadaye. Tuliishi naye ukuta kwa ua tangu nikiwa darasa la tano mpaka hapo nilipofika kidato cha tatu, na miaka yote hiyo nilikuwa namwamkia kwa mbali, natembea haraka. Si mimi peke yangu. Watoto wa mtaani walikuwa wakimwona anakuja wanavuta kola za mashati juu.

Kwa sababu tabia yake ndiyo hiyo. Wengine wakikusalimia wanatazama macho, wengine viatu. Yeye macho yake yalikuwa yanatua hapa, chini ya sikio, yanateremka taratibu mpaka kwenye mfupa wa bega, kama mtu anayesoma bango. Kwenye harusi ya jirani yetu mmoja alifika mbele ya bibi harusi, akampa mkono, akasema kwa sauti, "Una shingo nzuri sana, binti, hata kipofu hakosei." Shangazi wa bibi harusi alihamisha kiti. Mara nyingine alimtazama mwalimu mmoja mstaafu aliyekuwa amekaa kibarazani anakunywa chai, akamwambia mishipa yake imejaa wakati mishipa ya mtu aliyekaa haifai ijae. Mwezi uliofuata mwalimu akalazwa kwa ugonjwa wa moyo. Watu wenye akili wakasema, aliona. Wengine tukajiuliza, aliona au alifanya?

Halafu ile mizabibu. Vipando alivitoa Hombolo, na Dodoma kila mwenye kiwanja anataka zabibu, hilo si ajabu. Ajabu ilikuwa umwagiliaji. Aliichukua mipira ya dripu iliyokwisha kutumika hospitali, akaifunga kwenye chupa zilizoning'inia juu ya vijiti, na maji yakawa yanadondoka tone tone kwenye mashina mchana kutwa. Bomba letu lilikuwa linatoa maji siku linapojisikia, kwa hiyo hesabu yake ilikuwa ya mtu mwenye akili. Lakini ukipita pale ukaona mizabibu imepangwa kama wagonjwa, kila mmoja na dripu yake, na zabibu zenyewe nyekundu za kuiva sana, huwezi kuzila. Alikuwa anatuletea bakuli kila msimu. Mama alikula. Mimi nilisema nina jino.

Maneno yake nayo. Sikukuu moja ya Idd tulichinja kuku, naye akasimama pale pale kwenye ua wake kutazama. Damu iliporuka akasema, "Ile inayoruka, yenye kung'aa, si yangu. Ile nyeusi inayotambaa ndiyo yangu." Nilikuwa nimeshika miguu ya kuku, nikaiachia. Siku nyingine alisema, bila kuulizwa, "Hewa ina njia yake. Ikipita pengine ni mwizi ndani ya nyumba." Alikuwa anasema vitu kama hivyo halafu anarudi kwenye redio yake kusikiliza mpira. Hakuwa anaeleza. Ukimuuliza maana, anakwambia, "Kueleza ni kazi ya daktari."

Nesi mmoja aliyekuwa anasuka nywele kwetu alituchekesha siku moja. Alisema huyu mzee na wagonjwa waliolala ni maneno mtindo mmoja: sasa nakugeuza kidogo, sasa nakufunika, pole, karibu tunamaliza. Akiamka tu mgonjwa, mzee anakuwa bubu. Nesi huyohuyo ndiye aliyetuambia habari ya malaria. Mzee wa Usingizi alipolazwa kwa malaria, alikataa sindano.

"Mzee, geuka!"

"Sista, nipe vidonge."

"Vidonge unatapika! Geuka. Wewe si ndiye unayewachoma wenzio shingoni?"

"Wenzangu wanakuwa wamelala!"

Tulicheka mpaka mama akashika mbavu. Lakini mimi usingizi ulipokuja nilijiuliza kimoyomoyo: mtu anayejua sindano kuliko wote, na ndiye anayeiogopa kuliko wote, anajua nini ambacho sisi hatujui?

Basi mama alikwenda hospitali Alhamisi, na hawakumrudisha nyumbani. Uvimbe kwenye kizazi, wakasema, mkubwa, lazima utolewe upesi. Mamdogo akaja kutoka Kondoa na basi la asubuhi, na kikapu cha unga wa uji, na wasiwasi wake wote. Mamdogo ni mdogo wake mama, mfanyabiashara wa vitunguu, haogopi mtu. Alipomwona Mzee wa Usingizi anaingia wodini na kumtazama dada yake shingoni, alinivuta pembeni.

"We mtoto, huyo ndiye jirani yenu?"

"Ndiye."

"Na ndiye atakayemlaza dada?"

"Ndiye, mamdogo."

"Haya. Mumiani wa zamani, mnyonya damu, alikuwa anavizia watu gizani. Wa siku hizi za ruksa anavaa koti jeupe na unamlipia."

Nilimwambia mumiani ni hadithi za kutishia watoto. Nilisema hivyo kwa mdomo.

Walijaribu kumwekea mama dripu mikononi, mshipa ukawa unapasuka, wakahamia mwingine, ukapasuka. Mikono yote ikawa ya bluu. Ndipo yule mzee akasema neno moja, "Shingoni," na mama akatikisa kichwa kukubali, kwa sababu alikuwa amechoka kuchomwa. Alipelekwa thieta asubuhi. Sisi tukakaa kwenye benchi la nje, upepo unatupiga mchanga usoni.

Alitoka mchana akiwa hai. Hilo niliandike kwanza, maana ndilo nililoshukuru. Shingoni upande wa kulia alikuwa na mrija mwembamba unaoingiza dripu, kama tulivyoambiwa. Tumbo lilikuwa limefungwa bandeji, kama tulivyoambiwa. Lakini ubavuni, upande huohuo wa kulia, katikati ya mbavu, kulikuwa na mpira mnene kama kidole, unashuka mpaka kwenye chupa ya maji sakafuni, na kila mama akikohoa chupa ilikuwa inatoa mapovu. Hilo hatukuambiwa.

Mamdogo akaitazama ile chupa kama mtu aliyekuta nyoka.

"Amekwenda kukatwa tumbo," akasema polepole, "amerudi na tundu la kifua. Kifuani walikuwa wanatafuta nini?"

Daktari mpasuaji alipita akasema kulikuwa na shida kidogo ya hewa, imeshughulikiwa, chupa isinyanyuliwe juu ya kitanda. Akaenda. Mzee wa Usingizi alikuja jioni, akasikiliza kifua cha mama kulia, kushoto, kulia tena. Mamdogo akamuuliza, "Baba, huu mpira wa nini?" Akajibu, "Wa hewa." Akamuuliza, "Hewa imeingiaje?" Akatazama sakafu, akasema ataleta plasta mpya ya shingo kesho. Hapo nami nikaona. Nikaona jinsi alivyotazama sakafu. Mtu wa kutazama shingo za watu, siku hiyo shingo ya mamdogo hakuitazama kabisa.

Kesho yake ndiyo siku ambayo nikifumba macho naiona.

Kwenye hospitali zetu nesi ni wa dawa. Kulisha, kuogesha na kugeuza mgonjwa ni kazi ya ndugu. Mamdogo alimwinua mama akamkalisha wima, akamwegemeza kwenye mito miwili ili anywe uji. Mama akawa anakohoa. Chupa ya dripu ilikuwa imekwisha na nesi yuko mwisho wa wodi. Na kwa kuwa imekwisha, damu ikaanza kurudi kwenye mrija wa shingoni. Nyeusi. Inatambaa. Ikapanda kiasi cha kiganja, ikasimama, mama akakohoa, ikapanda tena.

"Inamnyonya!" Mamdogo akaacha bakuli. "Wallahi inamnyonya dada yangu!"

"Mamdogo, tumwite nesi..."

Hakungoja. Akashika ule mrija pale unapoungana, chini ya sikio la mama, akauzungusha, akauchomoa; kipande kifupi kikabaki shingoni, mdomo wazi. Alifikiri anamwokoa. Nami, niseme ukweli, kwa pumzi moja nilifikiri hivyohivyo.

Ukasikika mlio mdogo, kama mtu anayefyonza chai ya moto. Mama akavuta pumzi, akavuta nyingine, akashika kifua, macho yakamtoka. Midomo ikawa na rangi ya majivu.

Yule mzee alikuwa anaingia mlangoni na plasta yake mkononi. Sikuwahi kumwona akikimbia. Alikuja mbio, akamsukuma mamdogo, akambandika mama kidole gumba shingoni, akakandamiza. Kwa mguu akaipiga teke ile mito ikaanguka. Mama akalala chali kwa kishindo. "Sista! Inua miguu ya kitanda! Weka stuli!" Kitanda kikainuliwa upande wa miguu, kichwa cha mama kikawa chini kuliko miguu, na mzee akamgeuza alalie ubavu wa kushoto, kidole bado kipo shingoni.

Mimi ambaye darasani nikiulizwa swali natazama dawati, nilipiga kelele wodi nzima ikasimama. "Anamkaba mama! Anamkaba!"

Hakuondoa kidole. Nesi akamletea oksijeni na bomba la sindano tupu. Akalichomeka kwenye kile kipande cha mrija kilichobaki, akavuta. Ikatoka damu ya povu, imejaa vipovu kama sabuni. Akavuta tena.

"Mnaona?" Mamdogo alikuwa analia sasa, anawaonyesha wanawake wa vitanda vingine. "Mchana kweupe! Anaichukua mbele yetu!"

Mama alirudiwa na rangi. Taratibu, kwanza masikio, halafu midomo. Akasema, "Mbona mmenilaza kama popo?" Nesi akacheka kwa woga. Mzee akauchomoa ule mrija kabisa, akakandamiza kwa pamba muda mrefu, akatoka bila kusema neno hata moja. Nusu ya wodi ikasema ameokoa mtu. Nusu ikasema mwenye kuokoa anajieleza. Mimi nilikuwa nusu hii ya pili.

Zilipita siku chache za nafuu, halafu tumbo la mama likaanza kuvimba na homa ikapanda. Daktari akaja akasema kuna usaha ndani, itabidi wafungue tena, kesho asubuhi, na wakichelewa hasemi zaidi. Mikono bado haikuwa na mshipa. Itabidi shingoni tena.

"Na nani?" Mamdogo akauliza.

"Yule yule. Ndiye tuliye naye."

"Upande gani?"

Daktari akasoma karatasi. "Ameandika kulia."

Mamdogo akasimama. "Kulia! Palepale alipomharibu! Anataka kufunika tundu lake. Dada, tunaondoka. Kondoa kuna hospitali, kuna watu wetu."

Barabara ya Kondoa ninaijua. Mama asingefika. Na mama mwenyewe, aliyelowa jasho, akanitazama mimi. "Nitafanya atakavyosema binti yangu," akasema. "Yeye ananijua mpaka nguo zangu za ndani. Akisema twende Kondoa, twende."

Wote wakanigeukia. Nilisema nitarudi baadaye, nikatoka, nikatembea mpaka nyumbani kwa miguu.

Alikuwa kwenye mizabibu yake, jua limeshaanza kulegea. Nilisimama upande wetu wa minyaa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba." Akatazama shingo yangu. Sikuvuta kola.

Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima, yakapotea yote. Nikasema, "Tundu la kifuani kwa mama ulilitoboa wewe?"

Aliweka ndoo chini.

"Ni mimi," akasema. "Sindano yangu. Nilikuwa nautafuta mshipa, ikapita, ikagusa pafu. Juu ya pafu pako karibu sana na shingo, karibu kuliko mtu anavyodhani."

Nilitegemea akatae. Nilikuwa nimejiandaa kwa kukataa.

"Uligundua lini?"

"Si pale pale. Damu niliitazama, ilikuwa nyeusi, nikainua mrija juu nikaona inatambaa, hairuki. Nikajua nimeingia kwenye mshipa, siyo ateri, ule unaorusha damu kutoka moyoni. Ningeridhika hapo. Lakini nilikuwa nimechoma mara mbili kabla ya kupata, na nikichoma mara mbili huwa simwamini mtu anayeitwa mimi. Nikawa nasikiliza kifua kila mara. Wamefika katikati ya operesheni, mfuko wa hewa ninaouminya ukaanza kuwa mgumu mkononi. Presha ikashuka. Mpasuaji akasema ni damu inapotea, ongeza maji. Inawezekana ilikuwa hivyo. Nikasikiliza: kushoto kunaongea, kulia kimya. Nikamwambia simama. Nikamchoma sindano hapa mbele, chini ya mfupa wa bega, ikapumua kama tairi la baiskeli. Presha ikarudi. Ndipo wakaweka mpira ule mnene."

"Kwa nini hukutuambia?"

Aliinama, akarekebisha mpira wa dripu kwenye shina moja.

"Niliogopa," akasema. "Siku hizi wanapunguza watu hata hospitali. Na niliona nikisema, mamdogo wako hataniacha nisogee kitanda kile, na mrija wa shingoni unahitaji mtu wa kuuangalia. Lakini kwanza niliogopa." Akapangusa mikono kwenye suruali. "Ningesema, labda asingeuchomoa, hewa isingeingia kwenye mshipa mpaka moyoni."

"Angeuchomoa."

"Labda."

"Na kesho kwa nini kulia tena? Mamdogo anasema unafunika tundu lako."

Hapo alinitazama usoni, mara ya kwanza tangu tuwe majirani.

"Binti, kushoto kuna pafu zima. Ndilo lililomweka hai mpaka leo. Mimi nimeshakosea mara moja kwenye shingo hiyo; si mtu wa kukabidhiwa pafu zima. Nikikosea tena kulia, mpira wa ubavuni upo tayari, hewa itapata pa kutokea. Nikikosea kushoto, atapumulia nini?"

"Kwa hiyo unaweza kukosea tena."

"Ninaweza. Ndiyo maana kulia."

Sikumshukuru, na yeye hakuonekana kungoja. Nilimuuliza mrija ukiwekwa, mama akitaka uji tumkalishe vipi. Akanionyesha kwa mikono: mito miwili sawa, ila viungio vyote viwe vimefungwa, na dripu ikikaribia kwisha nifunge kile kigurudumu cha kwenye mpira, niite mtu, na nisiruhusu mkono wowote ufungue chochote shingoni, hata mkono unaompenda. Akaeleza mpaka mwisho. Nikarudi ndani bado namshuku. Tofauti ni kwamba sasa tulikuwa wawili tunaomshuku, mimi na yeye mwenyewe.

Asubuhi nilifika wodini kabla ya chai. Mamdogo alikuwa ameshafunga kikapu cha safari, amekikalia.

"Umeamua nini?" akaniuliza.

Nilimwambia mama ageuze kichwa. Nikamfungua nywele, nikachukua kitana, nikaanza kumsuka. Nilianzia nyuma ya sikio la kulia, nikazivuta zote zivuke utosi zielekee kushoto, mistari ya kubana, hata unywele mmoja usibaki upande ule.

"Mbona unasuka upande mmoja?" Mamdogo akasema. "Atatokaje hivyo mbele za watu?"

"Kulia pawe wazi," nikasema. "Aone vizuri."

Mamdogo alinitazama. Kisha akainuka kwenye kikapu, akaja akashika kichwa cha mama kwa mikono miwili kisitikisike, nami nikaendelea kusuka mpaka machela ilipofika mlangoni.